Kitabu Nilichosema Nimekimaliza

Jamani, kuna aibu zinazoisha ukishaoga ukalala, na kuna hii yangu ya Jumamosi pale Ng'ambo, ambayo hadi leo nikipita kijiwe cha bajaji wananiuliza kama nimeshataga.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tabora. Elimu yangu ni kidato cha nne, lakini mdomo wangu (mke wangu ndiye asemaye) una shahada mbili. Kwa hiyo Mwalimu Nyamizi, aliyenifundisha historia na sasa amestaafu, alipoanzisha kikundi cha kusoma vitabu vya harakati, vile vinavyoeleza jinsi watu wa kawaida walivyoungana wakabadilisha mambo, na namna ya kuiwaza nchi ambayo bado haipo, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Kitabu tulichoanza nacho kilikuwa nakala moja tu, ya marehemu mume wake, imejaa maandishi yake ya penseli pembeni. Kila mtu alikaa nacho wiki mbili, kisha anatusomea sura moja na kutueleza. Zamu yangu ilipofika, mwalimu alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Kitunze, baba. Nikikisoma naona kama bado naongea naye."

Nikakifunika kwa karatasi la kaki kisiingie grisi, nikasoma kurasa tatu, nikakiweka juu ya kabati, halafu zikaja mechi, zikaja baiskeli za wateja, wiki zikayeyuka. Alhamisi nikakutana na mwalimu sokoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kitabu umefika wapi?"

Ningesema kweli, mkasa huu msingeusikia. Nikasema, "Nimekimaliza, mwalimu. Nimekirudia mara mbili." (Hiyo mara mbili sijui ilitoka wapi.)

Jumamosi nikajipa moyo kwamba nitafungua popote nisome, maelezo yatajileta. Nikanyakua kitabu juu ya kabati, nikakanyaga baiskeli mbio. Nisichojua ni kwamba mke wangu, Mama Neema, alikuwa amelipenda lile kaki na kipande kilichobaki akakifunikia kitabu chake cha ufugaji wa kuku, akakiacha palepale juu ya kabati.

Nikasimama mbele ya watu kumi na tano sebuleni kwa mwalimu, nikafungua, nikakutana na mchoro wa banda. Hapo mtu mwenye akili zake angesema samahani nimekosea kitabu, wenzake wakacheka, yakaisha, lakini mtu aliyekirudia mara mbili si angeeleza hata bila kitabu? Nikaanza kusoma, na kila palipoandikwa kuku nikawa naweka wananchi.

"Wananchi wakibanwa kwenye nafasi finyu, huanza kudonoana wenyewe kwa wenyewe."

"Aisee!" akaruka Shabani, dereva wa bajaji. "Huyu mwandishi anakijua kijiwe chetu!" Akatoa simu, akaanza kunirekodi aniweke kwenye kundi lao la wasapu.

Sifa zinalevya. Nikapandisha sauti. "Wananchi wasipopata mwanga wa kutosha, hawatagi…" Nikakohoa. "Hawatangi na njia." Watu wakatazamana, wengine wakatikisa kichwa kama wameelewa, nami nikazidi kukolea, mdomo ukawa kama baiskeli isiyo na breki, macho yanasoma baada ya ulimi kusema: "Wenye dalili za udhaifu watengwe mapema, na wasiopona wachinjwe."



Mwalimu Nyamizi akavua miwani. "Wachinjwe?" Akainuka kitini. "Mume wangu alikipenda kitabu hicho kwa sababu mwandishi wake anakataa kumtupa hata mtu mmoja. Hebu nione huo ukurasa."

Akanyoosha mkono. Mimi, baba wa watoto watatu, nikaficha kitabu nyuma ya mgongo.

"Hodi wenyewe!" Mama Neema akaingia na kitabu kingine cha kaki mkononi, anahema. "Shikamoo, mwalimu, samahani. Baba Neema, nipe kitabu changu cha kuku, vifaranga wanasinzia, nataka nione dozi."

Shabani aliteleza kutoka kwenye kiti na simu yake bado inarekodi. Watu walicheka hadi majirani wakachungulia. Mwalimu hakucheka. Alikipokea kitabu cha mumewe, akakikumbatia kwanza, kisha akamuuliza mke wangu, "Mama, umekitazama hata kidogo?"

"Nimekisoma chote, mwalimu. Kilikuwa kimekaa bure."

"Basi tuambie. Kinauliza watu wakishashinda, kesho yake asubuhi inakuwaje?"

Mama Neema akafikiri. "Mimi naona uangalie nani kaamka kuchota maji. Kama ni yule yule wa jana, hapo hamjabadilisha kitu."

Wakapiga makofi, halafu wote wakanigeukia mimi (nyumbani kwetu maji anachota nani, msiniulize).

Wenzangu walipoondoka nikabaki, nikamweleza mwalimu kweli yote, pamoja na zile kurasa tatu. Akanitazama kama zamani darasani.

"Kutosoma si kosa, baba. Ungesema hujasoma, tungesoma pamoja. Ila mimi umenifanya, kwa dakika nzima, nidhani sikumjua mume wangu."

Hilo ndilo lililoniuma, kuliko hata video ya Shabani. Nikaapa palepale. Sasa mtu akiniuliza nimefika wapi, namwambia ukurasa wa arobaini na moja, naenda polepole, na kuna maneno matatu sijayaelewa bado.