Mwaka Ulioitwa Mapema

Yihya Jarufi alikuwa fundi wa lipu na chokaa mtaani Nahlaot, Jerusalem, na katika kila nyumba aliyoipaka aliacha kipande kimoja cha ukuta kikiwa wazi, mkabala na mlango. Mwenye nyumba akilalamika, alimjibu kwa mkato kwamba Nyumba ya Mungu imebaki majivu, yeye anataka ukuta mzima wa nini. Hakuwa mtu wa maneno. Mwaka mzima hakuna aliyemsikiliza, ila jioni moja tu.

Jioni hiyo ni ile ya kuingia tarehe tisa ya mwezi wa Av, siku ya kuombolezea Mahekalu yote mawili. Katika sinagogi la Wayemeni taa huzimwa, watu huketi sakafuni, na mtu mmoja husimama gizani kutangaza imetimia miaka mingapi tangu Nyumba ya kwanza iteketezwe, na mingapi tangu ya pili. Ndipo kilio huanza. Mtangazaji alikuwa Yihya, kama alivyokuwa baba yake, Sa'id, kule milimani Yemeni.

Hofu yake ya kukosea hesabu ilianzia kwa huyo baba. Mzee Sa'id alikosea mara moja maishani, akataja hesabu ya mwaka unaofuata. Watu walimcheka: "Mzee, unakimbilia wapi?" Mwaka wenyewe ulipofika, Mzee Sa'id alikuwa kaburini. Pale kijijini wakanong'ona kwamba mwaka haupendi kuitwa kabla ya wakati wake. Ukiitwa, huja kumtafuta aliyeuita. Upuuzi mtupu, na Yihya mwenyewe alisema hivyo mchana kweupe. Lakini kuanzia Pasaka alikuwa akikariri hesabu yake juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Namba hiyo umeitaja leo mara nyingi kuliko jina langu," mkewe Rumiya alimtania. Hawakujaliwa mtoto, wakazeeka wakitaniana. Yeye alikuwa mwanamke wa nguvu, anatwanga uwatu mpaka sufuria zinatikisika rafuni. Mume ndiye aliyekuwa mgonjwa: chokaa ilikuwa imemharibu kifua, na kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima, kikavu, mara mbili, kisha mluzi.

"Nikibabaika je?" Yihya alimuuliza mwaka ule, wakielekea sinagogini.

"Nitakohoa nyuma ya pazia la wanawake, nawe utajua. Twende, bwana wee, tusije tukakuta wamemaliza kulia."

Taa zilizimwa. Yihya akasimama. Hesabu ya Nyumba ya kwanza ilitoka sawasawa. Ya pili ilitakiwa iwe miaka elfu moja mia nane themanini na nane. Mdomo wake ukasema themanini na tisa.

Hakuna aliyelia. Ndipo sauti ya mwanamke ilipopaa kutoka nyuma ya pazia, kubwa, bila haya mbele ya wanaume wote: "Elfu moja mia nane themanini na tisa!"

Alikuwa Rumiya.

Zogo lililofuata usiniulize. Nje, jirani yao Salem, mfua fedha, aliwafuata mbio. "Ndugu yangu, mbona umekauka hivyo? Wale wa sinagogi la Aleppo hapo kichochoroni wanahesabu mwaka mmoja zaidi yetu. Wataalamu wenyewe hawajapatana Nyumba iliungua mwaka gani. Iliungua mara moja, na kila mtaa una mwaka wake! Umehesabu na Waaleppo, basi. Na wewe shemeji, siku nyingine utuachie wanaume tukosee wenyewe."

Yihya aliyashika maneno hayo kama mfa maji. Lakini walipofika nyumbani alimgeukia mkewe.

"Umerogwa, Rumiya? Kwa nini umesema?"

"Kama mwaka unakuja kumtafuta aliyeuita," akasema huku akitandika mkeka, "sasa utakuta tuko wawili. Uchague."

"Usicheze na mambo haya."

"Nani anacheza? Lala."

Miezi ikapita, Yihya akikohoa na kungoja. Usiku alimwangalia mkewe akipumua, akajiona mwizi. Kisha asubuhi moja ya baridi aliamka akasikia kikohozi chake: kikavu, mara mbili, kisha mluzi. Akajishika kifua. Kilikuwa kimetulia, pumzi inaingia na kutoka kama ya kijana. Kikohozi kilitoka jikoni.

Alikimbia huko bila viatu. Rumiya alikuwa ameegemea kipande cha ukuta kisichopakwa, kinu kimemwangukia miguuni. Alipomwona alicheka. "Umechelewa kuamka leo," akasema.

Daktari alisema mapafu, akauliza kama mama huyu amewahi kufanya kazi ya chokaa. Rumiya hakuiona Pasaka.

Jioni ya tarehe tisa Av ilipofika tena, Salem alimwambia, "Pumzika mwaka huu, ndugu yangu. Nitatangaza mimi." Yihya alikataa. Hakumwambia mtu sababu, nami nitaisema: alitaka kumfuata mkewe. Safari hii hesabu sahihi ilikuwa themanini na tisa. Angesema tisini, kwa makusudi, na asingebaki mtu wa kumsaidia kuubeba mwaka huo.

Taa zikazimwa. Akataja Nyumba ya kwanza. Akataja ya pili: elfu moja, mia nane... Akavuta pumzi aitoe tisini.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Kikavu, mara mbili, kisha mluzi.

Wanawake walisema baadaye kwamba mahali pa Rumiya hapakuwa na mtu. Walikuwa wamemwachia mkeka wake. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Wanaume walidhani ni Yihya mwenyewe, maana kikohozi kile walikizoea. Yihya alisimama gizani, mdomo wazi, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Themanini na tisa," akasema.

Kilio kikaanza, na cha kwanza kilikuwa chake.