Mashavu Yaliyomfurahisha Mama

Jumamosi, majani ya miti yakipukutika, nilikuwa saluni ya wanawake huku mjini Savage, Amerika, nikingoja kusukwa. Mwanamke wa Mombasa aliyekuwa kitini alimwambia msusi, Mkongomani, "Dada, nikate nywele zifunike haya mashavu. Dawa zimenivimbisha uso, na mamangu hajui kama naumwa."

Msusi akamkata taratibu, akaziacha ndefu pembeni hadi chini ya kidevu. "Voilà, maman, tayari. Sasa uso inaonekana mudogo."

Simu ikalia. Alikuwa mamake, kwa video. Mwanamke akazivuta nywele mashavuni, akapokea.

"Mashallah, mwanangu, umenawiri. Amerika imekukubali."

"Ndiyo, mama. Alhamdulillahi."

Alitabasamu mpaka simu ikakatika, kisha akajifunika uso kwa taulo. Kwetu mashavu yakijaa watu humshukuru Mungu.