Ng'ombe wa Bwizibwera Walikataa Maji Yangu

Mimi niliumbuliwa na ng'ombe, tena mchana, mbele ya watu waliovaa viatu vizuri, na nisipowaambia mwenyewe mtasikia kwa watu wa Rwekubo, sokoni kwetu kambini, na bale wanapenda kuongeza, kwa hiyo acheni niseme mimi.

Masomo niliishia darasa la tatu kule milimani Kivu ya Kusini, lakini redio mingi za hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, zilipita mikononi mwangu zikapona (zisizopona zilikuja zimekwisha kufa). Basi mfugaji mmoja wa Bwizibwera, Mzee Kamugisha, akaniita. Pampu yake inajaza birika la kunyweshea ng'ombe, maji yanafurika, anataka izimike yenyewe.

"Ukiweza, Muzee Injinia, nakupa mtamba."

Mtamba! Tangu tukimbie sikuwa na hata mkia wa ng'ombe. Mke wangu aliosha kibuyu cha maziwa siku ile ile.

Mjini Mbarara, binti wa duka la vifaa akanipa rilei, ile swichi inayovutwa na umeme mdogo: maji yakipanda yakagusa waya mbili, inazima pampu. Akasema, "Muzee, chukua na transfoma ya kupunguza umeme. Waya zako zinaingia mu maji."

Lakini mimi nilikuwa na kapasita niliyong'oa kwenye feni mbovu, nayo hupunguza umeme vile vile, ni nyepesi, haichukui fasi. Nikamjibu, "Mwanangu, nilianza kushika waya baba yako hajaoa." (Kumbe kapasita inapunguza tu, haitenganishi, maji yanabaki ndugu na umeme wa nguzo. Hilo nililisoma baadaye, kwa mwili.)

Siku ya kuonyesha, Kamugisha akaalika wenzake wa biashara ya maziwa. Birika likajaa, rilei ikalia ta!, pampu ikanyamaza, watu wakapiga makofi, na mimi nikasimama kama waziri. Wakaleta ng'ombe. Bihogo, yule jike mzee wao anayetangulia, akagusa maji kwa pua, akaruka nyuma. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakujaribu hata.

"Wanaona haya kwa wageni," nikasema, nikapiga ule mluzi wetu wa kunyweshea, ule wa baba yangu. Wakanitazama tu.

"Muzee," Kamugisha akasema, "hii ng'ombe inakunywa hapa kila siku. Umeweka nini mu maji?"

"Hakuna kitu! Ng'ombe wa huku mumewadekeza mno!" Na ili waone, nikavua viatu (vilikuwa vya kanisani), nikakanyaga tope, nikachota kwa mikono miwili ninywe.

Wanasema nililia kama ndama. Mimi nakumbuka kofia yangu ikielea, mgongo wangu kwenye mavi, na mtu akichomoa waya ukutani. Halafu nikasikia fyonz, fyonz: ng'ombe wote wanakunywa, juu ya kichwa changu, kwa starehe.

Mgeni mmoja akasema, "Kumbe hapa ni ng'ombe ndiyo ilisoma."

Nikarudi Mbarara. Binti aliponiona tu akaweka transfoma juu ya meza. Nikaifunga, Bihogo akanusa, akanywa mpaka tumbo likalia.

Kamugisha ni mtu wa neno lake. Alinipa mtamba, binti wa Bihogo. "Chukua mwalimu wako," akasema. "Akikataa kitu, na wewe ukatae."

Wacheke wanaocheka. Tangu siku ile, kitu chochote changu kitakachogusa maji, yeye ndiye anakinusa kwanza, na mimi nasubiri, nimevaa viatu.