Kigae Kinachosema Ko

Mume wangu anaitwa Gonga, na jina hilo hakupewa na baba yake. Amelipata kazini. Yeye ni fundi wa vigae, na akimaliza sakafu ya mtu haondoki mpaka ameigonga yote kwa kifundo cha kidole, kigae kimoja baada ya kingine, sikio limeinama kama la daktari. Kigae kilichoshika vizuri kinajibu kwa sauti nzito. Chenye hewa chini kinasema ko. Kikisema ko anakibandua, hata mwenye nyumba akilia kwamba amechoka kuishi na vumbi.

Ugonjwa huo ameuleta nyumbani. Anagonga mkate, anagonga tikitimaji, anagonga meza za watu kabla hajaweka kikombe. Watoto wetu walipokuwa wadogo aliwagonga utosini, kidogo tu, akisema, "Huyu amejaa. Huyu bado ana hewa." Wao walicheka. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nikabaki kujiuliza, je, kama kweli ana hewa?

Lakini kinyozi hajinyoi. Gonga ametengeneza mabafu ya watu mpaka yakang'aa kama meno, na jikoni kwetu kukabaki saruji tupu, tena yenye bonde katikati. Nikimwaga maji hapo unadhani nafuga bata.

"Nitaweka vigae, mama watoto," alikuwa akisema.

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Nafasi si shangazi yako, baba. Haitabisha hodi yenyewe."

Basi binti yetu mkubwa akatuambia wazazi wa mchumba wake wanakuja kutujua. Usingizi ukanihama. Nilikuwa nimesikia kwamba kwao hata ngazi za nje zina vigae, na sebuleni kwetu mtu akikaa tu macho yake yanaingia jikoni. Wangemwonaje mwanangu, binti wa fundi wa vigae aliyelelewa kwenye bonde? Wale watu wakitudharau siku ya kwanza, yeye ndiye atakayeibeba dharau hiyo maisha yake yote. Nililisema hilo asubuhi, nikalisema jioni, mpaka Gonga akaleta vigae na kuziba lile bonde.

Asubuhi ya siku ya wageni akaanza kazi. Sasa, fundi wa vigae ana sheria moja ambayo Gonga amewaimbia wote waliojifunza kwake: mgongo mlangoni. Unaanza kona ya mbali, unarudi kinyumenyume, unamalizia mlangoni na kutoka. Gundi ikiwa mbichi hakuna kukanyaga. Mimi nikasimama pale na hofu zangu.

"Kigae kizima kikae mlangoni," nikamwambia. "Wageni wasianze kuona vipande vilivyokatwa."

"Najua."

"Vipande viende kule nyuma ya kabati."

"Najua, mama watoto."

"Nionyeshe basi."

Ili nikae kimya, akapaka gundi na kuweka mstari wa kwanza palepale mlangoni. Ulikuwa mzuri, sikudanganyi. Nikaenda zangu kupika uani mpaka alasiri, kisha nikapiga pasi shati lake. Naye mkono ukapata moto, akaendelea na wa pili, na wa tatu, anapiga mluzi, anasonga mbele badala ya kurudi nyuma.

Niliporudi na shati, mluzi ulikuwa umekoma. Mume wangu, mwalimu wa mgongo mlangoni, alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali, mahali pa kutosha ndoo na miguu yake miwili. Mbele yake sakafu nyeupe, mbichi. Dirisha lina nondo.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Hodi ikabishwa. Nikapotewa na akili, nikajitupa ndani kumpelekea shati.

"Simama!" akapiga kelele. Mguu mmoja ulikuwa tayari umetua. Nikahisi kigae kinateleza kidogo chini ya kisigino, nikaruka nyuma kama niliyekanyaga moto.

Binti yangu akazunguka nje na kumpitishia babaye shati kwenye nondo. Akalivaa juu ya suruali yenye gundi na vipande vya godoro alivyofunga magotini, akapindua ndoo, akaikalia. Wageni wakaingia sebuleni, wakakaa, na macho yao yakaenda moja kwa moja kulekule nilikokuogopa.

"Karibuni sana," Gonga akaita kutoka kona. "Samahani, siwezi kuja kuwapa mkono. Nimejifungia kwa mikono yangu mwenyewe."

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa akilitazama zulia. Nikasema moyoni, basi, harusi imekwisha.

Baba wa kijana akainuka polepole, akaja mpaka mlangoni, akaangalia sakafu, akamwangalia Gonga. "Hukuweza kukanyaga tu ukatoka?"

"Nikanyage kazi ya siku nzima, mkwe? Bora nilale hapa."

Mama wa kijana akapasuka kwa kicheko, akajipiga paja, akamgeukia mumewe. "Afadhali huyu! Wewe mambo ya watoto yakianza unasingizia simu, unatoka nje. Huyu leo hatoki!" Akachukua kikombe cha chai kutoka mkononi mwangu, akazunguka mwenyewe mpaka dirishani. "Haya, mfungwa, pokea chai."

Mumewe akavuta kiti, akakiweka kizingitini, wakaongea wawili hao kwa sauti za kuvukisha mto, mpaka mambo ya watoto yakaisha yote na wakahamia kwenye mabomba yanayovuja. Walipoaga, walitaja wenyewe siku ya sisi kwenda kwao.

Kesho yake Gonga akaigonga sakafu yake. Nzito, nzito, nzito. Mbele ya mlango kimoja kikasema ko.

"Kibandue," nikamwambia.

Akakigonga tena, akatabasamu. "Hiki sikigusi. Hiki ni chako."

Mpaka leo kipo. Binti yangu akija na mumewe hawaulizi niliko. Wanakaa sebuleni na kusikiliza, na kigae kikisema ko chini ya mguu wangu, mkwe wangu anaita, "Mama, chai yangu usitie sukari nyingi!"