Nilifuta sauti ya marehemu mama mkwe, lawama kaibeba wifi yangu

Admin, nisitiri jina, maana huku kwetu Newala watu tunajuana hadi kwa mlio wa kandambili. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nimeishia darasa la saba, nina mume na watoto watatu. Kanisani ndiye mimi ninayeongoza maombi ya akina mama. Haya ninayoandika hata mchungaji sijamwambia.

Mwaka juzi, baada ya korosho, mume wangu (nimwite Baba Neema) alisema sasa na sisi tuweke dishi. Tukashuka Masasi wote wawili kuchagua. Dukani kulikuwa na kampuni mbili. Ya kwanza ina mpira wote anaoupenda yeye, ila king'amuzi chake hakirekodi. Ya pili mpira ni wa kuonja tu, lakini picha yake ni HD, na kipindi kikikupita unakikuta kimejirekodi. Mimi nikaing'ang'ania hiyo ya pili. Nikamwambia, "Baba Neema, jioni mimi niko kwenye foleni ya maji, mahubiri yote yananipita. Hiki kitanitunzia Neno." Muuzaji akacheka, "Mzee, hapo mama keshamaliza." Mume wangu akakishika kile cha mpira, akakigeuza geuza, akakirudisha. "Kama ni kwa ajili ya Neno, haya. Mpira nitasikiliza redioni."

Ndugu zangu, haikuwa Neno. Ilikuwa tamthilia. Mimi ambaye nimesimama mbele ya wenzangu si mara moja nikiwaonya kwamba tamthilia zinavunja ndoa, nyumbani nilikuwa nazirekodi. Nilikuwa naziangalia asubuhi Baba Neema akiwa shamba, mlango nimeurudishia. Majina yake akiyaona kwenye orodha, alidhani ni vipindi vya watoto.

Sasa, mwaka huohuo walikuja watu wa televisheni kuuliza habari za shida ya maji. Wakamkuta mama mkwe wangu na ndoo yake. Bibi yule alikuwa na maneno! Aliwaambia, "Maji nimeyafuata bondeni nikiwa kigoli, leo nina vitukuu bado nayafuata. Nyie na mamashine yenu yote hayo, mmeniletea hata ndoo moja?" Akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo. Siku ilipoonyeshwa tukairekodi. Haikuzidi dakika nne. Miezi michache baadaye Mungu akamchukua. Picha zake tunazo mbili tatu, lakini sauti ilikuwa hiyo tu. Kila Jumapili tukitoka ibadani Baba Neema alikuwa anaifungua, anamsikiliza mama yake, ndipo tunakula.

Mwezi uliopita, Ijumaa asubuhi, king'amuzi kikaandika kwamba nafasi imejaa, nifute vya zamani. Nilikuwa nawahi kikao cha akina mama, miwani sijui niliiweka wapi, na jioni ile tamthilia ilikuwa inafika mwisho. Nikaanza kufuta kutoka chini. Kwa kukodoa macho nikasoma kimoja kimeandikwa Taarifa ya Habari. Nikasema moyoni, habari ya mwaka juzi nani anaitaka? Nikabonyeza. Jina la bibi halikuandikwa popote pale, lilikuwa jina la kipindi tu, na siku zote aliyekuwa anaifungua ni Baba Neema.

Jumamosi akaja wifi yangu kutoka Lulindi, mdogo wake wa pekee Baba Neema, kututembelea. Akashinda anatazama kwaya, rimoti mkononi. Jumapili tumetoka kanisani, mume wangu anatafuta, anapandisha, anashusha, hakuna. Hapo ndipo na mimi nikaelewa nilichofanya. Mume wangu akauliza, "Jana nani alishika rimoti?" Wifi akajibu bila wasiwasi, "Mimi, kaka. Kwani kimeharibika?"

Mume wangu akaizima televisheni. "Umemzika mama mara ya pili."

Wifi akaapa, akalia, akanigeukia, "Wifi, si ulikuwepo? Mwambie kaka, mimi niliangalia kwaya tu!" Nikasema, "Mimi nilikuwa jikoni." Ni kweli nilikuwa jikoni. Ndivyo nilivyojitetea mbele za Mungu usiku ule na siku nyingine zote.

Tulimuita fundi, akasema kilichofutwa hakirudi. Tangu hapo wifi akimwamkia shikamoo kwenye simu, mume wangu haitiki marahaba, ananipa mimi simu. Na kubwa ni hili. Binti wa wifi amechumbiwa, na kwa mila zetu huku mjomba ndiye anayekaa na waposaji na kusema ndiyo. Mjomba ni Baba Neema, hakuna mwingine. Amekataa. Anasema, "Asiyemtunza mama yangu, mwanawe mimi simjui." Upande wa mwanaume wameshaanza kuuliza kuna nini kwenye ukoo huu.

Juzi wifi amenipigia. Sauti imekwisha. "Wifi, nimechoka. Sikufuta, Mungu anaona, lakini nitasema nimefuta. Jumamosi nakuja kumpigia kaka magoti, binti yangu aolewe. Wewe ni mtu wa maombi, niombee."

Nikamwambia nitamwombea. Nimesema hivyo kwa mdomo huu!

Leo ni Alhamisi. Nikisema ukweli, mume wangu atajua kila kitu, hadi sababu ya kuuacha mpira wake, na kanisani sitasimama tena mbele ya mtu. Nikinyamaza, binti ataolewa na amani itarudi, lakini mkeka atakaopigia magoti wifi yangu nitautandika mimi kwa mikono yangu. Zile tamthilia bado zimo mle ndani. Hata ile ya mwisho sijaifungua.

Mnaojua ndoa na mnaomjua Mungu, nitukaneni lakini mnishauri. Niseme kabla ya Jumamosi, au niache wifi apige magoti? Nifanyeje mimi?