Karavani Iliyogeuka Ukuta

Kama hujawahi kuona karavani, usijali, wengi wetu hatujaziona. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili, haina injini, inafungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo la gesi na madirisha yenye kona za mviringo. Zamani watu wenye nafasi walizivuta hadi maziwani na mbugani, wakalala humo. Moja iliishia Kawangware, kwenye gereji ya jua kali, isiyo na kuta wala paa, ambako baba yangu alinyoosha bodi za magari, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Ililetwa na ubavu uliobonyea, ikivutwa na gari refu la safu tatu za viti, la aina ile iliyokuwa ikibeba abiria wa mbali. Mwenyewe alihama nchi kabla kazi haijaisha, akamwachia baba vyote viwili. Gari lenyewe baba alimpa fundi mwenzake, ambaye alikuwa na watoto wengi na hakuwa na gari. Karavani hakumpa mtu.

Jumapili baada ya kanisa tulitembea kutoka chumba chetu cha Kianda, Kibera, hadi kule gereji. Mama alibeba chai kwenye chupa. Alikuwa ameishonea karavani mapazia ya maua. Tulikaa mezani, mlango umefungwa, na baba akauliza, "Tumefika wapi?"

"Machakos," tulijibu.

"Bado sana. Funga dirisha hilo, vumbi linaingia."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda Kitui, kwao baba, mara nyingi bila kusogea hata hatua.

Sasa nikueleze jambo moja la mitaa yetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Ukiacha kitu kikubwa kikasimama mahali, mtu atajenga kwa kukiegemea. Si uchokozi. Anayejenga chumba cha mabati anahitaji kuta nne, na ukuta uliopo tayari ni mmoja ambao hatautafuta kwingine. Mama wa chapati, aliyetoka magharibi mwa nchi na watoto wake, aliomba kuegemeza chumba chake kwenye karavani. Baba alikubali, tena akashika nyundo mwenyewe. Baadaye fundi viatu akaja upande wa pili.

"Fundi," mama wa chapati alikuwa akimtania baba, "siku moja hii nyumba yako ya magurudumu itatoka na ukuta wangu nikiwa naoga."

"Nitapiga honi kwanza."

"Honi gani na haina hata injini? Utaniacha na sabuni machoni watu wote wakiangalia."

Miaka ikapita. Baba akaanza kulalamika mgongo, na sote tukasema ni kuinama kwa kazi. Hospitali ilipotueleza, saratani ilikuwa imetoka kwenye tezi dume ikaingia kwenye uti wa mgongo. Hakuweza tena kukaa. Alilala pale Kianda akitazama dari la mabati, na alitaka kitu kimoja tu, kufika Kitui akiwa hai, aione nyumba aliyomjengea mama yake. Basi lilimshinda kwa sababu ya kukaa. Tulipotaja pikapu na godoro nyuma, alikataa.

"Mimi si mbuzi wa sokoni," alisema. "Kitanda ninacho. Tena kina dirisha."

Basi mpango ukawa karavani. Yule fundi mwenzake alisema gari lake refu bado lina nguvu ya kuivuta. Kilichobaki ni kuitoa, na kuitoa kulimaanisha kubomoa chumba cha mama wa chapati, msimu wa mvua. Mama yangu ndiye aliyekwenda kumwambia. Alianza kwa kuzunguka zunguka, akauliza habari za watoto, habari za biashara.

"Mama," yule mwingine akamkatiza, "si unataka ukuta? Ng'oeni. Huyu mzee ndiye aliupigilia. Nitafunga nailoni, tutalala hivyo hivyo."

Mafundi walifanya kazi siku kadhaa kwenye matope. Walitia magurudumu ya kuazima, wakang'oa misumari, wakakuta kila msumari umeacha tundu na kila tundu limeingiza maji. Mimi nilikuwa nimesimama na mwavuli nikishikilia simu, kwa sababu baba alitaka kusikia. Nilimweleza kila hatua: sasa kung'oa kunaisha, sasa wanaweka jeki. Halafu jeki ikapanda, lakini karavani haikupanda nayo. Sakafu ilibaki chini na kuta zikainama upande, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuegemea. Chuma cha chini kilikuwa kimeoza chote. Vile vyumba ambavyo tuliamini vinaegemea karavani, ndivyo vilivyokuwa vimeishikilia.

"Imetoka?" baba aliuliza kwenye simu.

Fundi mwenzake akaichukua ile simu mkononi mwangu. "Mzee, imekataa."

Baba akasema, "Rudisheni ukuta wa huyo mama kabla mvua ya usiku haijanyesha."

Jioni hiyo hiyo waliurudisha, na karavani ikasimama tena.

Wakati wakipigilia misumari ya mwisho ndipo mama wa chapati, aliyekuwa akiwamiminia chai, alipolitazama lile gari refu lililokuwa likingoja na kamba nyuma yake.

"Na hivyo viti vya nyuma," aliuliza, "havilali?"

Vinalala. Ukivilaza vyote, mtu mzima ananyooka humo vizuri, na kuna madirisha pande zote. Mafundi watu wazima walitazamana, hakuna aliyecheka. Siku zote hizo tulikuwa tumekazia macho kile kinachovutwa, na kinachovuta kiko mbele yetu. Nikikupa shauri moja kutoka kwa haya, wewe uliye na mgonjwa anayetaka kwenda nyumbani, ni hili: angalia kwanza kinachoweza kuondoka leo. Usijilaumu usipokiona mara moja. Sisi tulikuwa wengi na hatukukiona.

Breki za gari zilihitaji kazi ya siku mbili. Mama alitandika godoro nyuma, akafungua yale mapazia ya maua kutoka kwenye karavani, akayafunga kwenye madirisha ya gari. Baba alipoambiwa, aliuliza kama kichwa kitaelekea mbele au nyuma. Alitaka mbele. Alfajiri ya siku ya kuondoka mama alimkuta amekwisha kufa.

Baada ya mipango ya mazishi, viti vilikuwa bado vimelazwa. Tulitoa godoro, jeneza likaingia, kichwa mbele. Mama alikaa karibu na dereva, yule fundi mwenzake. Kwenye njia panda ya Machakos gari lilichemka, akasimama kuongeza maji kwenye rejeta. Vumbi la magari mengine lilikuwa likiingia. Mama alipandisha kioo cha upande wake.

"Tumefika wapi?" aliuliza, bila kugeuka.

Dereva alifunga boneti, akajipangusa mikono. "Machakos, mama. Bado sana."