Nilipodhani Wananiheshimu

Nakumbuka siku moja sokoni hapa Kamina, mjukuu wangu, siku ambayo mpaka leo nikiifikiria nainamisha uso. Keti kwanza. Basi lako la kwenda Lusaka ni kesho, sanduku litafungwa tu.

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa. Marehemu babu yako, askari, alinitoa kwetu Mbandaka kwa boti, kisha kwa treni, akanileta hapa kambini. Kila kitu kilinichosha: bukari, ugali wa hapa, badala ya chikwanga yetu ya muhogo, baridi ya mwezi wa sita, vumbi jekundu mpaka kwenye shuka. Kiswahili nilikisikia nusu nusu, na kukisema sikutaka. Nilisema Lingala kila mahali, tena kwa sauti, kama tunavyosema kwetu.

Na watu walinipisha. Siku hiyo wanawake waliosimama mbele yangu kwa muuza unga walisogea kando bila kuombwa. Mwenye unga, Mama Ngoie, alinijazia kopo mpaka likamwagika, wala hakuniangalia. Nikaondoka nimefurahi. Nilijiona mke wa askari, mtu wa maana.

Jirani yangu Mama Kasongo, mwalimu mstaafu, Mmethodisti wa maneno machache, alikuwa pamoja nami. Tulipoliacha soko nyuma, akaniuliza:

"Mutoto, weye unazania banakuheshimu?"

"Ndiyo, mama."

"Banakuogopa. Wakati ya vita, baaskari baliingia mu nyumba ya Mama Ngoie na ile luga yako. Balikamata mbuzi yote, balipiga bwana yake mpaka mukono ikavunjika. Akisikia Lingala, anaona tu bile bintu."

 Nilikumbuka kopo lililomwagika, na macho ya yule mama yaliyonikwepa. Nilikuwa nimedhani ni heshima.

Asubuhi yake nilirudi peke yangu. Wanawake wakaanza kusogea, nikakataa, nikasimama nyuma yao mpaka zamu yangu ikafika. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama nilivyoona Waluba wakiwaamkia wakubwa, nikasema, "Mama, miye nilibunga."

Nilitaka kukiri kosa: kwetu, kwa Lingala, kobunga ni kupotea, ni kukosea. Hapa bunga ni unga. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Ngoie hakucheka. Alinipimia kopo la sawasawa, akamgeukia mteja mwingine.

Nililia njia nzima, nisikufiche. Lakini wiki iliyofuata nilirudi, na iliyofuata pia, na salamu zangu mbovu. Labda ilikuwa wiki ya tano ndipo Mama Ngoie aliponitazama usoni.

"Haiko 'nilibunga'," akasema polepole. "Sema 'nilikosa'."

"Nilikosa, mama."

"Njo vile," akakubali.

Akanipimia unga wangu. Baadaye ndiye aliyenifundisha kusonga bukari isiyo na madonge, na mama yako alipozaliwa ndiye aliyemwogesha siku za kwanza. Alipofariki niliketi chini na binti zake, nikamlilia kwa Kiluba. Nikipita sokoni siku hizi, bado macho yangu yanamtafuta.

Mwanangu, huko uendako utakuwa mgeni. Ukiona watu wanakupisha, usikimbilie kufurahi. Uliza kwa nini. Jifunze salamu zao mapema, na chakula chao kionje kabla hujakikosoa. Utakosea maneno na watacheka. Waache wacheke, na kesho yake urudi. Atakayekusahihisha, mshike huyo, amekufungulia mlango wake. Na Lingala yangu, na Kiluba cha hapa, visitoke mdomoni mwako.

Mungu akutangulie njiani. Akupe majirani wa kukuambia ukweli, akupe sikio la kuusikia, na siku ya kurudi tukukute hai, nasi utukute hai. Nenda na amani.